Honi ya Roggeplaat

Maassluis, 3 Juni 1945

Baba,

Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana. Miaka yote ya vita tuliruhusiwa maneno ishirini na matano kupitia Msalaba Mwekundu, nikazoea kukuandikia kama mtu anayepiga simu ya maandishi: Wazima. Mama anakusalimu. Nimefaulu. Sasa naweza kujaza kurasa nitakavyo, na sijui nianzie wapi.

Basi nianze na nyumba. Ipo. Milango ya ndani haipo, tuliichoma jikoni mwezi wa pili pamoja na ngazi ya dari. Mama bado hatembei. Miguu yake ilivimba kwa njaa na daktari anasema itapona, ila taratibu. Tumemwekea kitanda chumba cha mbele, dirishani, aone Mfereji na meli zinazopita kwenda Rotterdam. Nilipomwambia kwamba ofisi ya mabaharia imethibitisha kuwa u hai, alisema, "Karatasi ni karatasi. Mimi nitaamini siku nitakayosikia Roggeplaat ikipiga honi hapo nje." Unamjua.

Mimi sasa ni mwalimu. Kamati ya mji inataka historia ya kila boti ya kuvuta meli iliyotoka hapa kwenda vitani, ukurasa mmoja kila boti, itundikwe kwenye ukumbi. Roggeplaat nimepewa mimi, kwa kuwa baba yangu ndiye fundi mitambo wake. Nataka yote, tangu usiku ule wa Mei mlipoondoka mpaka leo. Usipokumbuka tarehe, niambie ilikuwa baridi au joto.

Shangazi Jannetje, hapo mkabala, anauliza kila asubuhi kama mumewe Huib ameandika. Namwambia nahodha wenu hajui kuandika, anajua kuvuta kamba ya honi tu. Anacheka. Mwambie Huib aandike walau mstari mmoja.

Binti yako,
Pleuntje

*

Campbeltown, Skotlandi, 19 Juni 1945

Pleun wangu,

Barua yako nimeisomea chumba cha mashine, mahali pekee ambapo mtu akinikuta na machozi nitasema ni moshi.

Milango isikusumbue. Milango nitatengeneza. Mama yako ale, alale, asibishane na daktari.

Kuhusu historia, kumbuka mimi ni mtu wa chini, kwenye mashine. Vita nilivisikia, sikuviona. Ukimtaka aliyeona, sio mimi. Lakini haya.

Usiku wa Mei 1940 tulitoka bila taa na bila honi. Ndege za Wajerumani zilikuwa juu zikidondosha mabomu ya majini kwenye Mfereji. Tulipopita Maassluis Huib aliniambia kwa bomba la kuongelea, "Arij, tuko nyumbani." Nikamwuliza, "Unaona nini?" Akasema, "Sioni kitu, nasikia harufu ya kiwanda cha kamba." Ndivyo tulivyoaga.

Baada ya hapo ni Atlantiki. Tulifuata misafara, siku zote mkiani. Meli ikipigwa, wenzake wote wanakimbia, sisi tunageuka kwenda pale pale. Mchochea moto wetu alikuwa akisema sisi ndio wapumbavu wa bahari wenye vyeti. Tulivuta meli ya mafuta kinyumenyume hadi Ayalandi kwa sababu mbele haikuwa na mbele. Tulivuta manowari ya Kiingereza ambayo nahodha wake hakutusalimu mpaka mwisho. Mwaka 1942, wakati wa baridi, tulivuta meli iliyojaa machungwa. Lilipotobolewa tumbo, machungwa yalielea yakatuzunguka, tukayachota kwa ndoo. Tulikula mpaka midomo ikachubuka.

Nilikuwa nimekwisha kuandika hayo ndipo nikakumbuka ninyi mlikuwa mnakula nini. Niwie radhi. Sikufuta kwa sababu umesema unataka yote.

Huib ndiye alituweka sawa. Kila tuliporudi bandarini hapa alipiga honi kama anavyopiga huko nyumbani, mpaka Waskoti wakaizoea, wakawa wanasema, "Mwacheni, anamwita mkewe." Hivyo ndivyo tulivyofika Krismasi ya 1943.

Mkono wangu wa kulia haukunjuki vizuri siku hizi. Mengine siku nyingine. Salamu kwa Jannetje.

Baba

*

Maassluis, 30 Juni 1945

Baba,

Machungwa nilimsomea Mama. Nilidhani atasononeka. Alicheka hadi akashika ubavu, akasema, "Arij na machungwa! Mtu anayeumwa tumbo kwa tofaa moja!" Tangu mwaka jana sijamsikia akicheka hivyo. Usifute kitu tena.

Lakini umesimama kwenye Krismasi ya 1943, Baba, na sasa ni kiangazi cha 1945. Mimi hurudia kusoma, unajua. Kwenye barua yako Huib ananusa, Huib anapiga honi, Huib anawaweka sawa. Halafu inakuja Krismasi, na Huib hayupo tena kwenye sentensi yoyote. Unamtumia Jannetje salamu zako, si za mumewe. Na kwa nini mkono wako haukunjuki?

Jana Shangazi Jannetje aliniomba fulana yako ile ya sufu ya kijani iliyoliwa na nondo. Ameifumua, anafuma soksi. "Huib ana miguu ya bata," anasema, "soksi za jeshi lazima zimemuua." Nilishika nyuzi wakati anazikunja. Aliniuliza kama jino la Huib liling'olewa. Nikasema sijui.

Niandikie. Si kwa ajili ya ukumbi wa mji.

Pleuntje

*

Campbeltown, 9 Julai 1945

Pleun,

Roggeplaat haipo.

Ilizama Februari 1944. Ilikwenda kuchukua meli iliyovunjika usukani, ikakanyaga bomu la majini. Hakupona mtu. Wengi walikuwa wa mbali, wa visiwani na wa Delfzijl, na Waingereza wawili. Wa mtaa wetu alikuwa Huib.

Mimi sikuwemo. Wiki moja kabla, bomba la mvuke lilipasuka, likanichoma mkono na kupasua valvu ya honi. Huib alinipeleka hospitali mwenyewe, akaja na honi imefungwa kwenye gunia. Akasema, "Wewe huna kazi ya kufanya hapa, mpe fundi wa bandari honi hii, aitengeneze vizuri. Nimepewa king'ora cha Kiingereza, kinalia kama mbuzi, siwezi kwenda nacho nyumbani." Tulicheka. Usiku mmoja wa wiki ile walitumwa ghafla. Honi ilibaki kwangu chini ya kitanda cha hospitali, na bado ninayo.

Tangu hapo nimekuwa kwenye boti nyingine, ya Waingereza, haina hata jina, ina namba. Tulivuta masanduku makubwa ya zege kwenda Normandi, ya kujengea bandari. Hiyo unaweza kuiandika kwenye ukurasa wa mtu mwingine.

Hatukuweza kuwaambia. Barua za vifo hazikuvuka kuja huko mlikokuwa chini ya Wajerumani, na kwa maneno ishirini na matano ningesema nini? Ofisi inasema sasa inapeleka taarifa kwa wachungaji, boti moja baada ya nyingine.

Usimwambie Jannetje. Si kazi ya binti wa miaka ishirini na mbili. Kwetu hiyo ni kazi ya mchungaji na kofia yake nyeusi. Mama yako pia mwache kwanza, apate nguvu.

Baba

*

Maassluis, 18 Julai 1945

Baba,

Nimekutii, na sijui kama nimefanya vizuri.

Nilikwenda kwa mchungaji. Ofisi haijamwandikia kuhusu Roggeplaat. Nilimwonyesha barua yako. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia. "Pleuntje," akasema, "mwaka jana nilikwenda kwenye nyumba moja kwa maneno ya watu, na yule mtu alikuwa hai. Mkewe hajanisamehe mpaka leo. Siingii tena nyumba ya mtu bila karatasi." Sikuweza kumlaumu.

Kwa hiyo tunasubiri karatasi. Kila anapopita mtaani na kofia ile siku isiyo Jumapili, mapazia yote yanatikisika. Nasikia mtaa mzima ukizuia pumzi. Akishapita nyumba yako unaona aibu kwa furaha uliyonayo, kwa sababu ameelekea kwa mwenzako. Juzi alipita nyumba ya Shangazi Jannetje. Shangazi alikuja kwetu mbio, mikono ina sabuni, akamwambia Mama, "Amenipita! Umeona? Amenipita!" Wakashikana mikono kama wasichana. Mimi nilikuwa namenya viazi. Nilimenya hadi kiazi kikaisha.

Mimi ndiye pekee katika mtaa huu ninayejua. Naamka nayo, nalala nayo. Ananiletea supu, ananiita "mwalimu wetu," na mimi nakunywa supu yake. Soksi ya kwanza imekamilika. Kubwa mno, kama mfuko.

Ukurasa wa kamati uko wazi mbele yangu. Nimeandika "Iliondoka Mei 1940 bila honi," nikaishia hapo.

Pleuntje

*

Harwich, 2 Agosti 1945

Pleun!

Tumepewa amri. Tunaleta meli ya kuchimba matope Rotterdam, kusafisha bandari. Tutapita Maassluis! Kusimama hatutasimama, na kitu kile mkiani hatuwezi, lakini tutapita mbele ya dirisha la mama yako mchana kweupe.

Sasa sikiliza. Honi nimeitengeneza na kuifunga kwenye boti yetu. Nahodha wetu Mwingereza alinitazama nikipanda na bomba la shaba begani akasema, "Poldervaart, umechoka na ile tuliyo nayo?" Nikamwambia, "Bwana, ile yako inalia kama mbuzi." Akaniacha. Nimeijaribu mara moja. Pleun, ni ileile. Nilikaa chini.

Mwambie mama yako afungue dirisha. Hataki karatasi, basi atasikia. Nadhani ni Jumatano tarehe nane, maji yakijaa.

Jannetje sasa atakuwa amekwisha kuambiwa.

Baba

*

Maassluis, 7 Agosti 1945, jioni

Baba, USIPIGE.

Barua yako imefika leo. Hajaambiwa. Karatasi haijaja.

Unafikiri dirisha litakalofunguka ni moja. Mtaa mzima unaijua honi ile. Watoto waliozaliwa kabla ya vita wanaijua. Ukiipiga, Shangazi Jannetje hatafikiri ni Arij kwenye boti ya namba. Atatoka mbio na soksi mkononi kumpokea mumewe, na nitakayesimama kumzuia pale gatini ni mimi.

Najua Mama anaisubiri. Nimeketi naye sasa hivi, sijamwambia kuwa unapita. Namnyima kitu pekee alichoomba, na sijamwuliza. Nimefanya hivyo mwenyewe.

Barua hii nampa rubani wa hapa, mwongoza meli, anayekwenda Hoek usiku huu kusubiri meli. Ameniahidi kuwa yeyote atakayepanda kwenu mlangoni mwa Mfereji ataishika mkononi. Namwomba Mungu iwe hivyo.

Pita kimya, Baba. Tafadhali.

P.

*

Rotterdam, 8 Agosti 1945

Pleun,

Rubani alinipa barua yako kabla hata hajafuta miguu. Nikaisoma, nikafunga valvu ya honi kwa spana na spana nikaitia mfukoni, nisije nikajisahau.

Nilimwomba nahodha anipe nafasi juu tukipita. Kwa mara ya kwanza niliiona Maassluis kutoka majini, maana siku zote nilikuwa chini. Mnara wa kanisa upo. Gati lilijaa watu, mtu wa Hoek lazima aliwapigia simu. Nililiona dirisha letu. Nilimwona mtu mweupe dirishani, sikuweza kumtambua kama ni mama yako au ni mto wa kitanda. Nilivua kofia. Sidhani kama mtu aliona.

Nimeanza kazi ya boti nikiwa na miaka kumi na minne na sijawahi kupita nyumbani hivyo mchana. Nilipita kama mtu aliyeiba kitu.

Kushuka siwezi. Tunageuka Ijumaa kurudi Harwich, na fundi ni mimi peke yangu. Wataniachia mwezi wa kumi. Mwambie mama yako chochote unachoona kinafaa. Wewe ndiye unayejua huko, mimi nimechoka kujua.

Baba

*

Maassluis, 9 Agosti 1945

Baba,

Nakuandikia haraka, mwenye boti ya maziwa ya Rotterdam ananisubiri.

Mama alikuwa ameketi dirishani. Aliwaona mkipita. "Boti ya kijivu," akasema, "ya watu wengine." Akageukia ukuta. Nilitamani kumwambia hadi meno yakaniuma. Sikumwambia.

Kisha mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Shangazi Jannetje alikuwa ametoka gatini. Alikuwa ameshika soksi zote mbili. Hakumtazama Mama, alinitazama mimi.

"Yule aliyevua kofia alikuwa baba yako," akasema.

Nikainuka.

"Nimemjua kwa upara. Na juu ya bomba la moshi kuna shaba ya Roggeplaat. Nimeisugua mwenyewe kwa majivu kabla sijaolewa, nadhani naijua. Mwaka wa arobaini walipita kimya kwa sababu ya ndege." Akanyoosha kidole dirishani. "Leo ndege ziko wapi, Pleuntje?"

Baba, nilikuambia upite kimya ili asijue. Na kimya ndicho kilichomwambia. Mimi mwenye vyeti, niliyekulia mtaa huu, nilisahau kwamba hapa boti haipiti nyumbani bila honi ila kwa sababu moja, nayo ni msiba.

Nikasema, "Februari mwaka jana, Shangazi."

Akakaa kwenye kitanda cha Mama. Mama alikuwa amegeuka, ameelewa yote mara moja, yako na ya Huib. Nilichemsha maji, sina chai, nikayaleta hivyo hivyo.

Baadaye akaniuliza, "Umejua tangu lini?"

"Mwezi uliopita."

"Umekunywa supu yangu mwezi mzima."

"Ndiyo."

"Na mchungaji naye anajua?"

"Anasubiri karatasi."

"Asubiri." Kisha akasema, na sijui nitaisahau lini sauti yake, "Mmenificha kama mtoto. Wewe, mchungaji, na baba yako na shaba yake. Ile honi ni ya Huib. Mvuke ni wa Arij, mkono ni wa Huib. Hamkuwa na haki ya kuipitisha mbele yangu imefungwa mdomo."

Niliomba radhi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alipofika mlangoni akageuka: "Wanarudi lini baharini?"

"Ijumaa."

"Mwambie apige. Kama Huib. Mbili ndefu, kisha ile ya tatu aishikilie mpaka imfie mkononi. Asipige fupi kwa kunihurumia."

Soksi ameziacha hapa. Anasema ni zako, hata kama miguu yako yote miwili itaingia kwenye moja.

Pleuntje

*

Rotterdam, 9 Agosti 1945, usiku

Pleun,

Miaka yote nilimpelekea Huib mvuke na sijawahi kushika kamba. Sijui alikuwa akiishikiliaje. Nitajaribu.

Ijumaa, maji yakianza kutoka. Mwambie mama yako ni mimi.

Baba

*

Maassluis, 10 Agosti 1945

Baba,

Unajua ulichofanya majini. Mimi nikuambie kilichofanyika huku.

Shangazi Jannetje hakwenda gatini. Alifungua dirisha lake, akavaa koti la kanisani, akasimama. Madirisha mengine yalifunguka moja moja, maana alikuwa amekwenda nyumba kwa nyumba asubuhi kuwaambia mwenyewe. Mchungaji alisimama barabarani ameshika kofia yake, bila karatasi.

Ulipopita kona ya kiwanda cha kamba, kwanza tulisikia kitu kama mtu anakohoa na kutema mate. Halafu honi.

Mbili ndefu. Ya tatu uliishikilia. Nilidhani utaikata, hukuikata. Ilishuka, ikawa nyembamba, ikaendelea baada ya boti kupotea nyuma ya miti, mpaka sikuweza kujua kama bado naisikia. Shangazi Jannetje alikuwa na mkono hewani, umekunja ngumi, kama anayevuta kamba. Ilipokwisha, akaufungua. Akafunga dirisha polepole.

Ukurasa wa kamati nimeumaliza. Mwisho wake unasema: "Ilizama Februari 1944 na watu wake wote waliokuwemo. Ilisikika Maassluis kwa mara ya mwisho tarehe 10 Agosti 1945." Mwenyekiti atasema haiwezekani. Nitamwambia aulize mtaani.

Na Mama. Nilimgeukia nikidhani analia. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu kwa ule mdomo wake wa upande.

"Ile ndefu ni ya Huib," akasema. "Lakini kile kikohozi cha mwanzo ni cha hapa nyumbani. Arij. Miaka ishirini na mitano namwambia atoe maji kwenye bomba kabla honi haijapigwa, na bado hajatoa."

Kisha akaniomba nimpe fimbo, ajaribu kusimama.

Binti yako,
Pleuntje